Mikunga na Mikuyu

Gari jeupe liliposhuka njia yetu ya Jilore kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeinama napalilia kunde, na kabla halijasimama nilikwisha kusema moyoni: hawa wamekuja kuchukua kitu. Kitu gani, sikukijua. Lakini nimeishi pwani hii vya kutosha kujua kwamba mtu haachi kwao, akapanda gari, akala vumbi la njia nzima, ili akuletee wewe heri. Wakija kupima, watagawa. Wakigawa, utatafuta fungu lako usilione.

Walishuka wawili. Mmoja alikuwa mwanamke kijana, afisa kutoka bara, amevaa buti za mpira ambazo bado hazijaonja tope. Wa pili alikuwa mwanamume wa makamo, mwenyeji wa Kibarani, pale Kilifi mjini, naye alizungumza Kigiriama kama sisi. Huyo wa pili ndiye aliyenitia shaka zaidi. Mgeni asiyeijua lugha yako hukudanganya kwa taabu. Anayeijua hukudanganya huku mnacheka pamoja.

Wakamwamkia mama kwa heshima, mama akawapa vigoda chini ya kibanda chetu cha kulindia ndege. Yule afisa akasema wanatafuta mikunga.

"Mikunga gani?" nikauliza.

"Wale wa mto, dada. Walikuwa wengi huku zamani. Tunataka kuwarudisha."

Nilicheka, na mama akanikata jicho. Lakini nani hangecheka? Watu wazima wawili, na gari la thamani kubwa, wamekuja kumtafuta samaki mwenye umbo la nyoka, ambaye nusu ya majirani zetu hawamgusi hata kwa kijiti.

Si kwamba mikunga nilikuwa siwajui. Nilipokuwa mdogo Sabaki ilikuwa nao tele. Baba aliwatega kwa migono, ile mitego ya fito inayosukwa kama kikapu kirefu, samaki akiingia hajui kutoka. Bibi mzaa baba hakutaka kumwona mkunga chini ya paa lake. Alisema kinachotambaa na hakina miguu hakiingii nyumbani mwake, kiwe kimetoka majini au majanini. Kwa hiyo mama alimpika nje, nyuma ya jiko, katika chungu chake cha pekee, kwa tui la nazi, nasi tulimla tumechuchumaa huko huko nje kama wezi. Mafuta yake yalikuwa yakitiririka mpaka viwikoni. Sijala kitu kitamu kama kile tangu hapo.

Kisha wakapungua. Kidogo chini ya kwetu mto ulijengewa ukuta wa mawe na saruji ili maji yaingie mferejini, mashamba ya mbali yapate kunyweshwa. Udongo nao ukazidi kushuka kila mvua, vidimbwi vikajaa mchanga, kingo zikabomoka. Baba alikuwa akiinua mgono na kukuta majani matupu. Akafa bila kujua kwa nini, na sisi hatukujua pia. Tulidhani samaki wamechoka nasi.

Yule afisa alitueleza siku ile ile. Alisema mkunga hazaliwi mtoni. Huzaliwa mbali sana baharini, akaja na mikondo ya maji akiwa mdogo kama uzi, akaingia kwenye mlango wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, pale bahari inapogeuka nyekundu kwa udongo wetu. Kisha hupanda mto. Huishi huku miaka na miaka, hunenepa, na siku zake zikitimia hushuka tena baharini akazaa akafa. Ule ukuta, alisema, umewakatia njia. Wao wamekuja kuwajengea ngazi.

"Ngazi," nikasema.

"Ndiyo, dada. Ngazi ya samaki. Ni mfereji mdogo pembeni ya ukuta, wenye brashi ndani. Wale wadogo wanapanda katikati ya zile brashi."

Samaki wanajengewa ngazi, na sisi tukitaka kwenda zahanati twavuka kwa mtumbwi huku mamba wanatutazama. Nilitaka kumwambia hivyo, ila mama alikuwa ameshaanza kuuliza maswali. Aliuliza mikunga wakirudi watakaa wapi, na mashimo yote yamejaa mchanga. Yule afisa akafurahi kuulizwa. Akasema wanataka kuzuia kingo zisibomoke. Mama akatikisa kichwa polepole, akasema, "Mkunga hupenda mizizi." Mimi sikulitia neno hilo maanani.

Sasa yanipasa kueleza habari ya shamba, maana bila hiyo shaka yangu itaonekana ni kisirani tu.

Shamba la ukoo liko juu, penye mikorosho, na baba alipofariki lilikwenda kwa ndugu zangu wa kiume. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mimi niliolewa Takaungu, nikakaa huko mpaka ndoa iliponishinda, nikarudi kwa mama na masanduku yangu. Binti aliyerudi hupewa mahali pa kulala. Mahali pa kulima hapewi. Kwa hiyo tulikuwa tukila, mimi na mama, kutokana na ule ukanda wa kando ya mto, na huo kwa karatasi ni mali ya watu wengine, ukoo wa wafanyabiashara wa tangu zamani wa Malindi mjini.

Mama alipewa ruhusa ya kulima pale alipokuwa bado bibi arusi. Aliyempa ni bibi mmoja wa ukoo ule, mwanamke wa haya na neno moja. Alimwambia: panda kinachokufa. Yaani mahindi, kunde, mchicha, viazi vitamu, chochote ambacho msimu ukiisha nacho kimekwisha. Mnazi usipande. Mwembe usipande. Mkorosho usiuote hata ndotoni.

Asiyekuwa wa huku atauliza mti una kosa gani. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu, na mnazi ulio juu yake ukawa wa yule, na wote wawili wakaijua haki yao. Aliyepanda mti ametia mguu. Ukitaka kumtoa, kwanza mlipe mti wake, na kabla ya kumlipa mtakaa vikao mpaka nywele ziote mvi. Ndiyo maana mwenye shamba wa pwani huogopa mche wenye majani mawili kuliko anavyoogopa mtu mwenye panga.

Mama alilishika neno lile maisha yake yote. Kila mavuno alipeleka kikapu Malindi, si kodi, ni heshima. Mwaka mmoja mpapai uliota wenyewe pembezoni, labda kwa mbegu iliyoangushwa na ndege, ukazaa. Mama aliposikia mwenye shamba anakuja, aliung'oa kwa mikono yake, na mapapai mabichi bado yamening'inia. Nilimlilia mpapai ule kama mtu.

Yule bibi alikuwa ameshafariki. Mwanawe ndiye aliyeshika shamba. Ni mtu wa adabu, anaamkia, anauliza hali, anakunywa chai yetu. Lakini akizungumza nawe macho yake hutembea mipakani, yakitafuta chochote chenye gome.

Kwa hiyo wale watu wa mikunga waliporudi na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, wakavipigilia katika shamba letu sambamba na mto, niliacha jembe. Nimeona vigingi vya namna hiyo mahali pengine. Leo ni kigingi, kesho ni bikoni ya mpimaji, kesho kutwa ni ukuta, na wewe uko upande wa nje na sufuria lako kichwani.

Nikamfuata yule wa Kibarani. "Hivi ni vya nini?"

"Vyaonyesha mafuriko hufika wapi, dada. Kati ya hapa na maji tutapanda miti. Mikuyu, na mikwaju kidogo. Mizizi yake hushika udongo, na kivuli chake hupoza maji. Samaki nao hupata pa kujificha."

"Miti," nikasema. "Ndani ya shamba hili."

"Ndiyo."

Nikamsogelea, nikamwambia kwa lugha yetu ili yule afisa asisikie: "Wewe ni mtoto wa huku. Wajua mti ni nini."

Akanitazama kidogo. "Najua. Nimewaambia. Wamesema miti hii ni ya mto."

"Mto hauna mikono ya kupandia."

Alitazama pembeni, na mimi nikajiambia, huyu ana lake.

Usiku ule nilikaa nikipanga mawazo mpaka yakawa na miguu. Ama mwenye shamba ndiye aliyewatuma. Miti ingepandwa na wageni kwa jina la samaki, kisha siku moja angekuja kusema, shamba langu lina miti yangu, asanteni kwa kunilindia. Ama hakuwatuma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Akija akaona mikuyu imejipanga mstari, angesema yule mjane na binti yake wamevunja ahadi ya marehemu mama yake. Niligeuza huku na huku, na kila upande niliogeuza, sisi tulikuwa tunatoka.

Asubuhi nikamweleza mama yote. Alikuwa akichambua kunde. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Waache wapande."

"Mama, hukunisikia?"

"Nimekusikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Atapona na nini? Na kufukuzwa?"

Aliendelea kuchambua kunde. Nikaona uzee umeanza kumla akili, nikahuzunika, nikaapa kwamba macho yangu yatakuwa ya watu wawili.

Basi wakapanda. Na mimi nikaanza kuwachunga.

Ngazi ilikuwa bado haijakamilika, na msimu wa mikunga wadogo kuingia mtoni ulikuwa umefika, kwa hiyo walikuwa wakiwakinga kwa nyavu karibu na mlango wa mto na kuwaleta kwa gari mpaka juu ya ukuta. Hivyo ndivyo walivyosema. Mimi nilikuwa nimesikia sokoni Malindi kwamba kuna nchi za mbali ambako samaki hao wadogo hununuliwa kama dhahabu. Nikajua nimewapata. Siku gari lilipopita nikalifuata kwa pikipiki ya kukodi, nikafika ukutani wao wakishusha ndoo.

Yule afisa alifurahi kuniona, masikini. "Njoo uone, dada."

Nikainama juu ya ndoo. Maji matupu. "Ndoo yako haina kitu," nikamwambia.

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. Ndipo maji yakaanza kunitazama. Vitone vyeusi viwili viwili, vitone vingi, na nyuma ya kila viwili uzi angavu kama kioo. Vilikuwa hai, vikijikunja kuelekea kule ndoo ilikoinamia, kana kwamba vilijua juu ni wapi. Nilimfikiria baba na migono yake mitupu, na kwamba miaka yote ile hawa walikuwa wakifika hapa chini, wanaukuta ukuta, na kufa.

Lakini sikukubali kulegea. "Mnaviuza wapi?"

Alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Hatuuzi. Tunamwaga mtoni."

"Basi mwaga nione."

Akamwaga. Nikasimama pale mpaka ndoo ya mwisho, kisha nikaenda kuangalia nyuma ya gari, na chini ya viti. Yule wa Kibarani akanifungulia hata mlango wa mbele. Hapakuwa na kitu ila mabaki ya viazi karai. Nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi, maana mtu mwovu ambaye hujamjulia uovu wake ni hatari kuliko yule uliyemkamata.

Nyumbani mama alinipokea kwa ndoo nyingine. Miche ile ilihitaji maji, na magoti yake hayakuwa yakimruhusu kupanda na kushuka ukingo. "Tia maji," akaniambia.

"Nitie maji kitakachotufukuza?"

"Tia tu."

Nilitia. Kila asubuhi kabla ya kazi nyingine, nikinung'unika, niliteka maji huku nikichungulia mamba, nikanywesha mche mmoja baada ya mwingine. Mama alikaa juu akikata matawi ya miiba, na kila mche tukauzungushia miiba kuzuia mbuzi, na viboko wanaotoka mtoni kula mahindi. Sehemu nyingine za mto miche ililiwa ikabaki vijiti. Ya kwetu ilishika. Jambo hilo nalo sikulipenda. Mti ukinyauka hakuna atakayekuuliza. Wa kwetu ulikuwa unang'aa.

Siku moja nilimwambia mama kwamba kesho naing'oa yote, nitasema ni viboko. Sijawahi kumwona mama na uso ule. Alisimama, na magoti yake yale, akaja mpaka nilipokuwa, akasema, "Ukigusa hata jani moja, hutakula chakula changu." Kisha akarudi kukaa na kuendelea na kazi yake. Mwanamke aliyeng'oa mpapai wenye mapapai anatishia kuninyima sima kwa ajili ya mkuyu ambao hata tunda lake haliliki na mtu mwenye akili.

Mavuno yalipofika nikapeleka kikapu Malindi, kama kawaida. Na hapo, kwenye baraza ya mkahawa karibu na soko, nikamwona mwenye shamba ameketi na yule mtu wa Kibarani, wanakunywa kahawa na kula halua, magoti yao yanakaribia kugusana. Nikarudi nyuma ya duka la mikeka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi huu haukuwa unyasi, ulikuwa nyoka mwenyewe. Nilikiacha kikapu mlangoni kwa mwenye shamba, nikampa salamu msichana aliyenifungulia, nikatoka mbio.

Nilimhadithia mama, nikidhani sasa atafumbuka macho. Aliuliza kitu kimoja tu. "Yule wa Kibarani alikuwa akizungumza au akisikiliza?"

"Alikuwa akizungumza."

"Vizuri," akasema.

Ngazi ilifunguliwa baada ya mvua, maji yalipokuwa yametulia. Paliwekwa hema, viti vya plastiki, maji ya chupa. Chifu alikuja, wapiga picha walikuja na kamera zao, wakulima wa mto mzima walikuja, na wenye mashamba walioalikwa walikuja nao, pamoja na wa kwetu, kanzu nyeupe na kofia iliyotulia. Basi ndiyo habari waliyokuwa wakizungumza mkahawani, ule mwaliko. Au ndiyo waliyosema walikuwa wakizungumza. Mimi siku ile sikusadiki.

Kabla ya kwenda ukutani, yule afisa akataka wageni waione kingo. Akatuongoza kwa miguu mpaka shambani kwetu. Mikuyu ilikuwa imenifika kifuani. Ilisimama kando ya maji, majani mapana, na chini yake udongo umeshikana, hapana hata mahali palipobomoka. Ilikuwa mizuri, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwenye shamba alisimama. "Mashallah," akasema taratibu. "Hii imestawi. Ni ya nani?"

Nilimtazama yule wa Kibarani, aseme ya mradi, aseme ya mto, aseme chochote. Lakini afisa alimtangulia. Alimshika mama bega kwa furaha, mtoto wa bara yule, hajui anachokisema.

"Hii miti ni ya Mama," akasema. "Huko kwingine mbuzi zimemaliza. Hapa hakuna hata moja imekufa."

Wakulima wakatazamana. Chifu akakohoa. Kila mtu wa huku aliyekuwapo alijua neno lililosemwa, ila aliyelisema.

Mwenye shamba akamgeukia mama. Adabu yake haikupungua hata chembe. "Mama, marehemu mamangu alikwambiaje juu ya shamba hili?"

"Alinambia nipande kinachokufa."

"Na hii?"

"Hii haifi leo, bwana."

"Ni yako?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikamnong'oneza, mama, sema ya mradi. Mlango ulikuwa wazi, na yule bwana alikuwa ameuacha wazi makusudi, nadhani, kwa heshima ya miaka. Neno moja tu, na tungerudi kwenye kunde zetu.

"Si yangu," mama akasema, na mimi nikapumua. "Ni ya mwanangu huyu."

Macho yote yakaja kwangu. Mwenye shamba alinitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anatambua kwamba niko. "Dada," akasema, "miti hii ni yako?"

Nilimtafuta anayenitega. Nilimtazama afisa, bado anatabasamu, hajui lolote. Nilimtazama yule wa Kibarani, ameinamisha uso anachora mchangani kwa ncha ya kiatu. Nilimtazama chifu. Nikamtazama mama, na mama hakunitazama, alikuwa akiangalia mto. Nikajua kwamba nikisema hapana tutalala salama, na nitalala salama hivyo hivyo mpaka siku mama atakapokufa, na baada ya siku hiyo sitakuwa na pa kulala. Mabega yalikuwa bado yananiuma kwa maji ya asubuhi.

"Ni yangu," nikasema. "Naitia maji mimi."

Akaitazama miti, akamtazama chifu, akawatazama wale wa kamera walioanza kupiga picha mikuyu. "Haya," akasema mwishowe. "Tutakuja tuzungumze."

"Karibu," mama akasema. "Njoo na wazee wako, nasi tutakuwa na wetu."

Wageni wakaenda ukutani kufungua ngazi yao. Baadaye nilisikia makofi, nadhani samaki wa kwanza walikuwa wamepanda. Mimi na mama hatukwenda. Tulipanda kurudi nyumbani, yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma.

"Ulianza lini?" nikamuuliza.

"Siku ile waliposema mikunga. Nikajua watataka mizizi, na wakitaka mizizi watapanda miti."

"Kwa nini usipande mwenyewe, miaka yote hii?"

"Ningefukuzwa siku hiyo hiyo. Mti wa skwota, asiye na ardhi, hung'olewa. Mti wa mradi hupigwa picha."

"Na yule wa Kibarani?"

"Nilimwomba anyamaze tu. Akanyamaza. Na Malindi nilimtuma amsifie mwenye shamba wageni watakaokuja na kamera, asikose kuhudhuria."

Nilisimama njiani. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe?" Akageuka, na nusura acheke. "Wewe ukishuku jambo, Jilore nzima hulijua kabla ya jua kuchwa. Nilitaka uwe unalalamika. Mtu anayelalamika vile, nani atasema ana mpango?"

Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Ndugu zako wana shamba la baba yao. Siku nitakayokufa watalia vizuri, watachinja, watanizika kwa heshima. Matanga yakiisha watakuuliza utarudi lini Takaungu."

Nilikaa chini pale pale njiani nikalia. Tangu niliporudi na masanduku yangu mama hakuwahi kuniuliza ndoa iliharibikia wapi, wala nitakaa mpaka lini. Niliuchukulia ukimya ule kuwa ni aibu. Nilidhani ananivumilia. Kumbe miaka yote alikuwa akinitafutia mahali pa kutia mguu, na nilikuwa nimewachunguza watu wote mpaka chini ya viti vya gari, isipokuwa yeye.

Aliningoja mpaka nikamaliza, akanipa ncha ya leso yake nifute uso, tukaendelea kupanda.

Hawajaja bado kuzungumza. Mwenye shamba hutuma salamu, mama hurudisha salamu. Afisa asema mikunga wanapanda ngazi. Siku nitakayomwona mmoja mnene chunguni ndiyo nitakayoamini. Yule wa Kibarani akipita hunisalimu nami humwitikia, ila simkaribishi chai, maana mtu aliyeweza kunyamaza vile mbele yangu anaweza kunyamaza tena. Mikuyu imenipita kimo. Kila nikisikia gari linashuka, naweka jembe chini, nateremka mtoni, nasimama katikati ya miti yangu, na sitoki mpaka nihakikishe ni lori la mkaa tu linapita.